Oili ya Mke wa Mwenyekiti

Chupa ya kwanza hakuiuza. Aliitoa kwenye rafu ya kati, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo, akaiweka mezani mbele ya mumewe.

"Hii ni ya pikipiki, siyo ya gari," alisema. "Ya gari inatelezesha klachi. Nimemuuliza muuzaji wa jumla mara tatu, mpaka akaniuliza kama nina shida ya masikio."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nina shida ya hela. Sitaki hela yangu itelezeshwe."

Mumewe aliigeuza chupa akatazama bei iliyobandikwa ubavuni. Watu walimwita Mwenyekiti kwa sababu alikuwa mwenyekiti wa kijiwe cha pikipiki mwaka wa sita sasa, na hata mkewe alimwita hivyo akitaka kumtania. "Hii ni bei ya oili au ya shamba?"

"Ni mara mbili na nusu ya ile ya kawaida. Lakini ile unaimwaga kila wiki mbili. Hii ya sintetiki unakaa nayo wiki sita. Piga hesabu."

"Nimeshaipiga, baba," alisema binti yao, aliyekuwa amekaa juu ya kreti akifanya kazi za shule. "Mara tatu ya ile inazidi mara moja ya hii. Unabaki na chenji."

"Haya, mna mwanasheria wenu."

Duka lilikuwa na wiki tatu. Lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa chuma, kati ya kinyozi na mtu wa kuchaji simu. Mwanamke huyu alikuwa amepiga pasi kwenye dobi moja miaka kumi na moja, na dobi lilipofungwa, mwenye mali akawalipa wafanyakazi haki zao akaondoka. Haki zake zote zilikuwa humu ndani: tyubu, balbu, plagi, nyaya za klachi, na maboksi manne ya oili mpya ambayo hakuna duka lingine la mtaa ule lililokuwa nayo. Tyubu na balbu zisingeweza kulipa kodi ya chumba. Alijua hilo tangu siku ya kwanza. Kilichoweza kulipa kodi ni oili, na wa kununua oili walikuwa madereva thelathini na wawili wa kijiwe cha mumewe. Wakihamia kwenye oili yake, duka linasimama. Wasipohamia, anarudi kutafuta pasi ya mtu mwingine.

"Mimi nikiwaambia ni nzuri, watasema natafuta wateja," alisema. "Wewe ukiiweka, wataiona."

Jioni hiyo Mwenyekiti alimwaga oili ya zamani uani, akaacha injini itone mpaka tone la mwisho, akamimina mpya. Ilikuwa na rangi ya asali nyepesi. Binti akaandika kilomita kwenye kipande cha plasta, akakibandika chini ya kiti. Mama yake alisimama mlangoni amekunja mikono, akitazama kama mtu anayesubiri mkate uive.

Pikipiki ilikubali. Sauti ya injini ilishuka, gia ziliingia bila kugonga, na asubuhi haikuhitaji kubembelezwa ili iwake. Abiria mmoja mwenye umri mkubwa alimuuliza kama amenunua nyingine.

Siku ya tano, kabla ya kutoka, Mwenyekiti alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa. Oili ilikuwa nyeusi. Haikuwa ya kahawia kama inavyokuwa oili ya kawaida ikifika katikati ya wiki zake mbili. Ilikuwa nyeusi kabisa. Akakirudisha, akakichomoa tena, akakifuta upande wa pili wa kitambaa. Nyeusi vilevile.

Mkewe alitoka ndani na ufunguo wa duka mkononi. "Inaendaje?"

"Vizuri," alisema, akakunja kitambaa.

Hakudanganya, pikipiki ilikuwa inaenda vizuri. Lakini alijibu kama mtu anavyomjibu askari barabarani. Siku ya sita hakuichungulia. Ya saba aliichungulia akakuta ni ileile. Oili yenyewe hakuiogopa sana, maana chupa moja ni hasara ya kubebeka. Aliogopa kwamba haki za miaka kumi na moja za mkewe zimeingia kwa tapeli, na kwamba yeye ndiye atakayetakiwa kumwambia. Kwa hiyo alinyamaza, akala, akalala, akaenda kazini. Watu wengi hufanya hivyo, na wengi wao si watu wabaya.

Kijiwe kilikuwa na utaratibu wake. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, madereva wote walimwaga oili kwa pamoja. Fundi alileta karai na spana, oili chafu ikakusanywa kwenye pipa moja, na pipa likijaa waliwauzia wenye mbao, wanaopaka nguzo zisiliwe na mchwa. Hela ile iliingia kwenye mfuko wa kijiwe. Ilisaidia mtu akiumia.

Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya tisa. Fundi hakuwepo, alikuwa amesafiri kumzika kaka yake, lakini karai na spana aliziacha. Madereva saba walikuwa wameshanunua chupa za mama dukani, wamezipanga juu ya ukuta mfupi wakisubiri injini zipoe. Wengine walisema watawaangalia hawa saba kwanza.

Palikuwa na dereva aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzima. Aliichukua chupa yake, akaitikisa, akairudisha ukutani.

"Mwenyekiti, kabla sijamimina hela yangu, hebu chomoa kijiti chako tuone."

"Utaona nini? Oili ni oili."

"Basi kama ni oili, tuone oili."

Mwenyekiti alichomoa kijiti. Redio akatoa risiti mfukoni, akaigeuza upande mweupe, akadondosha tone. Wakainama wote. Tone likatanda kwenye karatasi, jeusi mpaka kingo.

"Ina siku ngapi?"

"Tisa."

"Ya kwangu ya kawaida, siku ya tisa, ina rangi ya chai."

"Hii ni kahawa," alisema mwingine.

"Kahawa ya wapi? Hii ni lami. Tupige barabara."

Karatasi ikapita mkono kwa mkono. Mmoja aliinusa. Mwingine alisugua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, akatikisa kichwa kama daktari. Ndipo akafika Mapema, aliyeitwa hivyo kwa sababu siku zote alikuwa wa mwisho kufika. Hakuuliza kitu. Aliegesha, akachutama, akaonyesha chini ya injini ya Mwenyekiti. Palikuwa na tone ardhini.

"Na inavuja," alisema.

Haikuwahi kuvuja. Wote walijua.

"Feki," alisema Redio, safari hii kwa sauti ya chini. "Sisemi mama ni tapeli, mnielewe. Nasema ametapeliwa. Lakini mimi nina injini moja tu, na ndiyo inayosomesha." Akamtazama Mwenyekiti. "Wewe ndiye mkubwa wetu, sema. Au hii tunaiacha kwa sababu ni ya shemeji?"

Mwaka uliopita Mwenyekiti alimsimamisha mdogo wake wa tumbo moja wiki mbili kwa kuchukua abiria nje ya zamu. Ndiyo maana walimchagua tena. Kila mtu pale alikuwa analikumbuka hilo, na yeye alikuwa analikumbuka kuliko wote.

Angeweza kusema, ngojeni fundi arudi. Ni maneno matatu. Badala yake alisema, "Leteni karai."

Alilala chini ubavu, akatia spana kwenye nati, akafungua. Oili ikashuka ya moto, nyeusi, ina chembechembe. Watu thelathini walitazama mpaka ikaisha. Hakuna aliyemtuma. Akasimama, akajifuta mikono, akasema, "Hakuna wa kuimimina hii. Mwenye chupa airudishe dukani, apewe hela yake."

"Huyo ndiye mwenyekiti," mtu mmoja alisema nyuma, na wengine wakaitikia kwa vichwa.

Ukweli ni kwamba alisikia raha. Haikudumu hata dakika moja, lakini aliisikia.

Mapema, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikuwa wa kwanza. Alisimama mlangoni mwa duka ameishika chupa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona hujaimimina?"

"Nairudisha, samahani."

"Ina nini?"

"Haina kitu. Ni kwamba... Mwenyekiti amesema."

"Amesema nini?"

"Amemwaga yake."

Mwanamke aliweka chini balbu aliyokuwa anampimia mteja. "Ameimwagia wapi?"

"Kijiweni. Kwenye karai."

"Mbele yenu?"

"Mbele yetu wote, mama."

Alifungua kopo la hela akamhesabia. Wakaja wengine, mmoja mmoja, kila mmoja na adabu zake. Mmoja aliomba radhi mara tatu. Mwingine aliweka chupa kwenye meza, akachukua hela, akatoka bila kumtazama usoni. Redio alikuja wa mwisho, akasema, "Mama, matapeli wamejaa. Usijilaumu." Mwanamke alimshukuru, akafunga kopo.

Yule mteja wa balbu alikuwa bado amesimama. Alikuwa jirani, mama mwenye kuuza nguo za watoto, mtu wa kusalimiana naye kila siku. Aliigeuzageuza balbu kwenye mwanga wa mlango.

"Na hizi ni za kweli?" aliuliza.

"Washa uone."

"Itawaka leo. Naulizia kesho." Akairudisha kwenye boksi lake taratibu. "Nitapita siku nyingine, shoga."

Jioni walikula watatu mezani. Hakuna aliyepandisha sauti. Binti alikuwa na daftari wazi kando ya sahani na hakuwa anasoma.

"Ulianza kuiona lini?" aliuliza mama.

"Kuona nini?"

"Usiniulize nini."

Mwenyekiti alimeza. "Siku ya tano."

"Na leo ni ya tisa." Alihesabu kwa vidole juu ya meza, vidole vyenye makovu ya pasi mpaka kwenye vifundo. "Siku nne. Siku nne umekula hapa, nakuuliza inaendaje, unasema vizuri."

"Ilikuwa inaenda vizuri."

"Basi ungewaambia hivyo."

"Mbele ya watu wote wale? Wangesema namlinda mke wangu."

"Wangesema. Halafu?"

 Mwenyekiti alichukua maji akanywa, akaweka glasi, akaichukua tena.

"Ungekuja dukani," alisema mkewe. "Ni mwendo wa kuvuka barabara. Ungesema, mke wangu, oili yako imekuwa nyeusi, unajua kwa nini? Ningekwambia sijui. Tungekwenda wote kuuliza. Ningeimwaga mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Nimekosa," alisema.

"Sijasema umekosa. Labda ni feki kweli. Nasema umenimwaga na mimi."

Binti alifunga daftari akaanza kukusanya sahani, ingawa baba yake hakuwa amemaliza.

Jumatatu mwanamke alifunga duka asubuhi, akachukua chupa moja kwenye mfuko, akaenda kwa muuzaji wa jumla. Alikuwa amejipanga kugomba. Njiani alikuwa ameyapanga maneno yake moja baada ya jingine.

Muuzaji wa jumla alimsikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea kufunga maboksi.

"Injini ya mumeo ina umri gani?"

"Miaka saba."

"Miaka saba ya oili ya bei rahisi. Mama, wewe kabla ya hapa ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Dobi."

"Shati la gereji likiingia kwenye beseni, maji ya kwanza yanatoka rangi gani?"

 Miaka kumi na moja. Alikuwa ameyaona maji hayo mara elfu, na hakuna hata siku moja aliyowahi kusema sabuni ni mbovu.

"Na kuvuja?" aliuliza, sauti yake imeshuka.

"Kuna sili, ule mpira wa kuzuia oili isitoke, imechoka mahali. Uchafu ulikuwa umeiziba, umeondoka. Sili ni kitu kidogo, fundi yeyote anaibadilisha." Alimtazama sasa, na si kwa ubaya. "Ilitakiwa muimwage mapema kidogo safari ya kwanza, muweke nyingine, ndipo muanze kuhesabu wiki sita. Nilidhani nimekwambia."

"Hukuniambia."

"Basi sikukwambia. Pole. Maboksi ambayo hayajafunguliwa nayapokea mpaka mwisho wa mwezi, kwa theluthi mbili ya bei. Zaidi ya hapo siwezi, mama. Na mimi nina mkubwa wangu."

Alirudi na maneno hayo nyumbani kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja. Mwenyekiti alisikiliza, akajikuna shavu.

"Huyo ndiye aliyekuuzia," alisema. "Unategemea aseme nini?"

Mkewe aliitoa ile chupa kwenye mfuko, akaiweka mezani.

"Kweli," alisema. "Atasema nini."

Hakulizungumza tena. Kila asubuhi alifungua duka, akapanga chupa, akakaa. Siku zilipita akiuza tyubu mbili, kebo moja, plagi moja kwa mgeni aliyekuwa anapita njia.

Siku kumi baada ya kuzika, fundi alirudi. Mwenyekiti alimpelekea pikipiki, kwa sababu valvu zilikuwa zimeanza kugonga na zilihitaji kupimwa. Fundi alivaa miwani yake iliyofungwa mguu mmoja kwa waya, akafungua kifuniko cha juu cha injini, akakishika kwenye mwanga. Akakaa nacho.

"Nani kafungua hapa?"

"Hakuna. Ni wewe tu, miezi minne iliyopita."

"Mimi niliacha humu masizi kama ya sufuria ya kuni. Nilitaka kukwangua, ukaniambia una haraka, kuna abiria wa hospitali." Alikigeuza kifuniko. Ndani kilikuwa bado cheusi sehemu kubwa, lakini kila mahali oili ilipokuwa inapita palikuwa na mstari wa chuma kitupu, kinang'aa kama kijiko. "Hapa pameoshwa. Uliweka oili gani?"

Mwenyekiti alimwambia.

"Umekaa nayo siku ngapi?"

"Tisa."

"Ilitoka nyeusi?"

"Nyeusi mpaka nikarudi kwenye ya kawaida. Kama lami."

"Ingetokaje, na uchafu wote huu?" Fundi alicheka kidogo puani. "Ungeweka nyingine palepale baada ya hiyo, leo injini hii ningekwambia ni ya mwaka jana. Na pale panapovuja ni sili ya shafti ya gia, ilikufa zamani, ilikuwa inashikiliwa na taka. Nani alikwambia uimwage halafu urudi kwenye ile ya zamani?"

"Hakuna," alisema Mwenyekiti.

Fundi akamtazama juu ya miwani, akaacha kucheka.

"Usikifunge bado," alisema Mwenyekiti. "Niazime hicho kifuniko."

Alikibeba mpaka kijiweni kimeviringishwa kwenye kitambaa. Ilikuwa saa ambayo abiria ni wachache, madereva wamekaa juu ya pikipiki zao. Aliwaita wakaja.

"Nilikosea," alisema. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Oili ilikuwa nzuri. Ilikuwa nyeusi kwa sababu ilikuwa inasafisha. Fundi amefungua, tazameni wenyewe."

Kifuniko kikapita mkono kwa mkono, kama karatasi ilivyopita. Walikitazama kwa heshima. Kikafika kwa Redio.

"Hapa pamesuguliwa," alisema Redio.

"Hapajasuguliwa. Fundi amefungua mbele yangu."

"Petroli na brashi, dakika tano. Hata mimi nakutengenezea chako kesho king'ae."

"Muulizeni fundi."

"Fundi ni wa nani? Ni fundi wako, Mwenyekiti. Unampelekea kazi miaka yote. Anaweza kukukatalia jambo dogo kama hili?" Redio alimrudishia kifuniko, na alifanya hivyo kwa upole, kwa mikono miwili. "Sikiliza, kaka. Hakuna anayekulaumu. Nyumbani moto unawaka, sote tunajua. Mimi nisingeweza kukaa hata siku tatu kama wewe. Siku ile ulipoimwaga, nilikwenda nikamwambia mke wangu, yule ni mwanaume, hana upendeleo hata kwa mtu wa kitandani mwake. Leo usinifanye mwongo."

"Nasema nilikosea."

"Tumesikia."

"Hamjasikia."

"Tumekuelewa kabisa," alisema Mapema. "Mama akinuna, mnunulie gauni. Mbona rahisi."

Wakacheka, si kwa kumdharau. Walicheka kama wanaume wanavyocheka na mwenzao aliyebanwa nyumbani. Mwenyekiti alipandisha sauti, akasema tena yaleyale, na kadiri alivyoipandisha ndivyo walivyozidi kumhurumia. Abiria mmoja akaja, zamu ikaitwa, watu wakatawanyika. Alibaki amesimama na kifuniko cha injini mkononi.

Mkewe alikuwa anafunga balbu kwa karatasi za gazeti alipoingia.

"Fundi amefungua injini," alisema.

"Ameona nini?"

"Imeosha. Muuzaji wa jumla alikuambia kweli."

Aliacha kufunga. Alikaa kwenye kreti, akaweka mikono magotini. Kwa muda kidogo uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo.

"Umewaambia?"

"Natoka huko."

"Wamesemaje?"

Mwenyekiti aliweka kifuniko mezani. Alianza sentensi, akaiacha.

"Aa," alisema mkewe. Akafikiri, taratibu, kama anayekadiria bei ya kitu kigeni. "Siku ile walikuamini kwa sababu wewe ni mume wangu. Mume hamwagi oili ya mkewe bure. Na leo hawakukuamini kwa sababu hiyohiyo."

"Nitawaambia tena kesho."

"Waambie. Lakini mwezi unaisha keshokutwa." Alinyanyuka akachukua balbu nyingine. "Hospitali wanatafuta mpiga pasi wa mashuka. Nimeshakwenda kuongea nao. Mwenye chumba nimemwambia. Kesho asubuhi utanipeleka kwa muuzaji wa jumla na maboksi matatu, yale ambayo hayajafunguliwa."

"Usiyarudishe. Nitayatumia mimi. Yote."

"Chupa thelathini na sita? Utaendesha mpaka uwe babu." Hakutabasamu. "La nne limefunguliwa, hawalipokei. Zimebaki kumi na moja humo. Hizo ni zako, zitakufikisha mwaka na zaidi. Kila ukichomoa kijiti utaiona rangi yake."

Asubuhi walifunga boksi moja juu ya tangi na mawili nyuma kwenye keria, kwa kamba ya mpira. Mkewe akakaa katikati. Mwenyekiti alitaka kuzungukia njia ya nyuma.

"Kule kuna mashimo," alisema mkewe. "Zitapasuka. Pita njia ya siku zote."

Walipokaribia kijiwe kamba ililegea, boksi la juu likaanza kuinama, ikabidi asimame. Redio na Mapema waliruka kutoka kwenye pikipiki zao kabla hata hajashusha mguu. Mmoja akalishika boksi, mwingine akavuta kamba.

"Unayarudisha, mama?" alisema Redio. "Umefanya la maana. Hawa lazima warudishiwe uchafu wao. Wamekupa hela yako?"

"Watanipa."

"Yote?"

"Theluthi mbili."

"Wezi." Alikaza kamba kwa goti. Madereva wengine walikuwa wamesogea, wamesimama kimya na mikono nyuma, kama watu waliofika msibani. "Pole sana. Siyo kosa lako."

Mwenyekiti aligeuka kwenye kiti. "Hii oili ni nzuri," alisema.

"Ndiyo, Mwenyekiti," alisema Redio kwa sauti ya chini, sauti ambayo mtu humpa mfiwa, akapiga boksi kofi jepesi kuonyesha limeshika. "Nendeni salama."

"Asante kwa kamba," alisema mwanamke.

Wakaondoka. Pikipiki ilipanda mlima bila kulalamika, na mzigo wote ule. Mwenyekiti hakuisikia mikono ya mkewe kiunoni, mahali alipozoea kuisikia kila walipotoka pamoja, akadhani anashikilia maboksi. Kwenye taa za njia panda alisimama, akatazama kwenye kioo cha pembeni. Maboksi yalikuwa yamekaa sawasawa, hayahitaji mtu. Mikono yote miwili ya mkewe ilikuwa chini, imeshika chuma cha ubavuni mwa kiti, kama wanavyoshika abiria wasiomjua dereva.

Taa ikawa kijani. Wa nyuma wakapiga honi.